Deni la Anayesikiliza

Mwaka 2017 Michael Harm, msimamizi wa lokesheni katika filamu za Uingereza, alimwandikia barua mfanyakazi mwenzake, Sue Quinn. Kazi ya Harm ilikuwa kutafuta mahali pa kupigia picha, kuomba vibali, kuelewana na wenye nyumba na wenye mitaa, kufika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Katika barua hiyo alieleza kwamba tasnia aliyoitumikia ilikuwa imemwangusha, kwamba alipozidiwa hakuona pa kukimbilia, na akamwomba Quinn afanye jambo ili wengine wasipite alikopita yeye. Hakuishi kuona jibu. Alijitoa uhai.

Kila ninapoirudia habari hii, moyo wangu huenda kwa aliyeipokea barua. Quinn angeweza kumlilia rafiki yake, akamzika, akaihifadhi barua mahali pazuri na kurudi kazini. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliichukua kama kitu alichodaiwa. Alianza kudai kwamba fani yao iwe na mahali ambapo mtu aliyezidiwa anaweza kupiga simu saa yoyote na kupokelewa.

Uingereza ina mfuko wa kuwasaidia watu wa sinema ulioanzishwa mwaka 1924, enzi za picha zisizo na sauti. Leo unaitwa Film and TV Charity. Mwaka 2018 mfuko huo ulifungua simu ya msaada inayopokelewa saa 24, na mwaka uliofuata ukawauliza wafanyakazi wa filamu na televisheni wenyewe hali zao. Waliojibu walizidi 9,000. Kati ya kila 100, watu 87 walisema wamewahi kupata tatizo la afya ya akili, ilhali kwa wananchi wa kawaida wa nchi hiyo ni 65. Zaidi ya nusu walisema wamewahi kuwaza kujitoa uhai. Nyuma ya kila jibu kati ya hayo yuko mtu aliyekaa chini, akajiuliza aseme au asiseme, kisha akasema.

Siku hizi tunahimizana sana kusema. Usikae na jambo moyoni, tunaambiana. Tafuta mtu, toa dukuduku. Ni ushauri mwema, na kuna waliookoka kwa kuufuata. Hata hivyo unamwongezea kazi yuleyule aliyekwisha kuzidiwa, na unamwacha anayeambiwa bila wajibu wowote isipokuwa kutikisa kichwa. Mimi nataka kumzungumzia huyo wa pili. Habari ya maumivu ikishafika masikioni, aliyeisikia hawezi kurudi kuwa mtu asiyejua. Anadaiwa. Na katika kazi ya filamu wadaiwa hawajifichi, kwa sababu mengi yanayowaumiza watu wa kazi hii yamepangwa na mtu, yakaandikwa kwenye ratiba, yakatiwa sahihi.

Tazama jinsi ajira yenyewe inavyokwenda. Fundi wa taa, mshika kipaza sauti, mpambaji, mtunza mavazi, dereva wa gari la vifaa: wengi wao huchukuliwa kwa mradi mmoja. Filamu ikiisha, kazi imeisha, na hakuna anayejua simu itaita lini tena. Simu ile haipigwi na ofisi ya ajira. Inapigwa na mtu aliyemkumbuka. Kwa hiyo mali kubwa ya mfanyakazi wa filamu ni namna anavyokumbukwa. Anayekumbukwa kuwa mwepesi, mchangamfu, asiyechoka, ataitwa. Anayekumbukwa kuwa siku moja alijifungia chooni akilia na kazi ikasimama nusu saa, hata kama wote walimhurumia, jina lake laweza kurukwa orodha nyingine inapoandikwa, na hakuna atakayemweleza sababu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nao walisema kweli. Ila methali hiyo inamwelekea mgonjwa peke yake. Mtu anayejua kwamba akisema atakosa kodi ya nyumba miezi mitatu ijayo hafichi kwa ujinga. Amepiga hesabu, na hesabu yake iko sawa. Wa kuulizwa ni yule aliyefanya kuficha kuwe na faida.

Halafu kuna saa za kazi. Gharama za kushuti huhesabiwa kwa siku: kamera ya kukodi, nyumba ya kukodi, magari, chakula, posho. Mtayarishaji anapobana siku 12 ziwe 8, hajapunguza kazi hata chembe. Sini ni zilezile, mavazi ni yaleyale, mvua itanyesha vilevile. Alichofanya ni kuzichukua siku 4 alizozifuta na kuzilipia kwa usiku wa watu wengine. Mwigizaji ataitwa saa kumi na moja alfajiri kupambwa, na aliyempamba ameamka saa tisa, na dereva aliyewaleta wote wawili hakulala.

Mwaka 1997, huko Marekani, Brent Hershman, msaidizi wa mpiga picha katika filamu ya Pleasantville, alimaliza siku ya kazi ya saa 19, akaingia kwenye gari lake kurudi kwa familia yake, akasinzia kwenye usukani na kufariki. Wenzake walikusanya maelfu ya sahihi wakitaka siku ya kazi isizidi saa 14. Haskell Wexler, mpiga picha mkongwe aliyewahi kutwaa tuzo ya Oscar mara mbili, alilifuatilia suala hilo hadi akatengeneza filamu ya makala, Who Needs Sleep?, iliyotoka mwaka 2006. Saa ndefu zikaendelea. Kifo cha Hershman kilionekana kwa sababu kulikuwa na gari na barabara. Lakini usingizi uleule unaoua barabarani ndio unaokosekana, wiki baada ya wiki, kwa yule anayeanza kuogopa simu ikiita, anayesahau jina la mtoto wa dada yake, anayekaa kitandani siku ya mapumziko akiitazama dari na kushindwa kuinuka kuoga. Huyo hana ajali ya kuonyesha.

Ndiyo maana yaliyotokea Marekani mwaka 2021 yanastahili kuangaliwa kwa makini. Fundi mmoja wa taa wa New York, Ben Gottlieb, alifungua ukurasa wa mtandaoni ambako wafanyakazi wenzake waliweza kutuma habari zao bila kutaja majina. Ukurasa ulifurika. Watu walieleza kukosa mazishi ya wazazi, kusinzia wakiendesha, mimba zilizoharibika wakiwa kazini, ndoa zilizovunjika, hofu isiyoisha, mawazo ya kujidhuru. Wengi walidhani wako peke yao. Waliposoma ya wenzao waligundua kwamba walichokiita udhaifu wao kilikuwa ratiba.

Chama chao, IATSE, kilikuwa katikati ya majadiliano na kampuni za utayarishaji kuhusu mikataba ya wafanyakazi wapatao 60,000. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo walipiga kura kuruhusu mgomo, na zaidi ya asilimia 98 ya kura zikaunga mkono. Mgomo haukufanyika, makubaliano yalifikiwa kabla. Ndani yake kulikuwa na saa 10 za kupumzika kati ya siku na siku, na saa 54 za mapumziko ya mwisho wa wiki. Wengi waliona hayo hayatoshi, na mkataba ulipita kwa tabu. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa limebadilika. Mmoja akilalamika huitwa mvivu, na bosi humaliza mazungumzo hapo. Maelfu walipoeleza jambo lilelile, kila mmoja kwa kinywa chake, habari zile ziliingia kwenye meza ya majadiliano zikiwa ushahidi, na upande wa pili ulilazimika kujibu kwa namba: saa ngapi, kuanzia lini, kwa adhabu gani.

Huku kwetu Afrika Mashariki nako tumesikia habari. Mwaka 2021 mwigizaji ambaye Wakenya wengi walimjua kwa jina la Omosh, kutokana na mchezo wa televisheni wa Tahidi High, alijitokeza hadharani kueleza kwamba maisha yamemshinda. Watu waliitika kwa moyo mkunjufu. Fedha zilichangwa, akasaidiwa kupata makazi. Baadaye, ilipojulikana kwamba bado anahangaika na kwamba pombe nayo ni sehemu ya vita vyake, mioyo iligeuka. Michango yetu umeipeleka wapi? Mbona hushukuru? Mitandaoni mtu aliyekuwa ameliliwa akawa wa kuchekwa.

Siwalaumu waliochoka, walitoa walichokuwa nacho, na wengi wao hawana kingi. Ninachokiona ni kwamba habari yake ilipokewa kama ombi la sadaka. Sadaka humalizika mtoaji akichoka, wakati deni humalizika likilipwa. Hakukuwa na wa kuuliza kwa sauti kubwa kama ile ya kejeli: mwigizaji ambaye uso wake unaingia sebuleni kwa watu kwa miaka mingi hutoka na nini mchezo ukiisha? Ana bima? Vipindi vikirudiwa kurushwa, anapata chochote? Anayekunywa ili apate usingizi, kuna daktari gani ambaye fani yake imemwandalia? Maswali hayo yangewahusu waigizaji wote wa Afrika Mashariki, na majibu yake yangehitaji watu wenye vyeo wakae kitako. Ilikuwa rahisi zaidi kumhesabia mtu mmoja chupa zake.

Na huku kwetu anayetaka kusema ana ukuta mwingine wa kuvuka. Tumeyageuza majina ya hospitali kuwa matusi. Mtanzania akikasirika husema huyu apelekwe Mirembe. Nairobi ni Mathari. Unguja ni Kidongo Chekundu. Hizo ni nyumba za tiba, ambako madaktari na wauguzi wanawarudisha watu kwao kila wiki, lakini ukizitaja mezani watu hucheka. Nani anajua zaidi yetu, watu wa filamu, kicheko hicho kilitoka wapi? Tumekitengeneza. Katika filamu zetu ngapi mgonjwa wa akili ni yule mwenye matambara anayeokota makopo na kuwafukuza watoto? Katika ngapi sonona ya mwanamke imekuwa jini lililotumwa na mke mwenzie, likamalizwa na mganga dakika kumi kabla ya mwisho? Mtu aliyeshika kamera kurekodi sini hizo, kisha usiku akaanza kuwaza kwamba bora asiwepo, atapata wapi lugha ya kujieleza kwa mwongozaji aliyeziagiza?

Sheria nayo imechangia. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Shauri hilo lilifikishwa mahakamani na watetezi wa haki za binadamu pamoja na madaktari wa magonjwa ya akili. Tanzania ina kifungu cha aina hiyohiyo katika Kanuni ya Adhabu, cha 217. Sheria ya namna hiyo inamfanya mtu aliyenusurika, anayehitaji kukaliwa karibu na kusikilizwa kuliko binadamu mwingine yeyote, aogope kwamba akieleza yaliyompata atakuwa anaungama kosa. Tunamwambia aseme, huku tumeweka polisi mlangoni.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa filamu wanaijua kuliko yeyote, na lazima itajwe. Sisi tunajua bei ya machozi. Mwongozaji humwambia mwigizaji akumbuke siku aliyomzika mama yake, ili alie vizuri mbele ya kamera, na sini ikipita anampongeza na kuhamia nyingine. Nani anabaki na yule mwigizaji? Nani anamsaidia kumrudisha mama yake kaburini? Vivyo hivyo katika mahojiano ya mtandaoni yanayomfuata msanii aliyeachwa, aliyefiwa au aliyeanguka. Kamera inasogezwa karibu, swali linarudiwa hadi chozi litoke, na lile chozi ndilo linalowekwa kwenye picha ya tangazo ili watu wabofye. Msanii anarudi nyumbani akiwa amesema yote, na hajasikilizwa na mtu. Habari yake imetumika, na anayehojiwa kesho ni mwingine.

Kwa sababu hiyo siwezi kumwambia kila mfanyakazi wa filamu ajitokeze aseme. Habari ya mtu ni yake. Ana haki ya kuikalia kimya, ana haki ya kumweleza mtu mmoja tu, ana haki ya kuisema bila jina kama walivyofanya wale wa Marekani. Ana haki pia ya kuisema nusu, akaona uso wa anayemsikiliza, kisha akaamua kama atamalizia. Wa kuwekewa masharti ni msikilizaji. La kwanza, asiisambaze. La pili, asiigeuze mada ya kipindi. La tatu, na hili ndilo zito, ajiulize ni kitu gani kilicho mikononi mwake kilichochangia yale aliyoyasikia, halafu akiguse.

Tukisema hatuwezi kuyapanga hayo kwa sababu sisi ni maskini na fani yetu ni changa, tutakuwa tunajidanganya. Tazama tunavyozika. Msanii akifariki leo asubuhi Dar es Salaam, kabla ya magharibi kamati ya mazishi imeundwa. Mwenyekiti yupo, mhazini yupo, namba ya kuchangia imetumwa kwenye makundi yote, kuna wa turubai, wa chakula, wa usafiri wa ndugu kutoka mkoani. Alipoagwa mwigizaji Steven Kanumba, Aprili 2012, umati uliofurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, ulionyesha jinsi watu wetu wanavyowapenda wasanii wao. Hakuna aliyetufundisha kujipanga namna hiyo, wala hakuna mfadhili aliyetuletea mradi. Tunajua kukaa na mfiwa bila kumuuliza maswali. Tunajua kugawana zamu za kulala matanga. Ujuzi wote ambao mtu aliyezidiwa angeuhitaji akiwa hai tunao, ila tunautoa akishakufa, pale ambapo hauwezi tena kumfaa.

Kwa hiyo mzigo huu unabebeka, na wa kuubeba wapo. Tanzania ina Shirikisho la Filamu na Bodi ya Filamu. Kenya ina chama cha waigizaji na Tume ya Filamu. Vyombo hivi vinajua kuandika masharti: vibali, maadili, ada. Vinaweza kuandika na saa za kupumzika. Vinaweza kudai kwamba mkataba uwe wa maandishi, kwamba malipo yasicheleweshwe, kwa maana mtu asiyelipwa miezi miwili halali hata akipewa kitanda. Vinaweza kutaka kila seti iwe na mtu mmoja wa kuambiwa mambo ambaye hana mamlaka ya kumfukuza mtu kazi. Mwandishi wa skripti anaweza kwenda kuzungumza na wauguzi kabla ya kuandika sini ya wazimu. Mwongozaji aliyemliza mwigizaji kwa kumbukumbu za mama yake anaweza kusimamisha kazi robo saa na kukaa naye. Hayo mawili ya mwisho hayahitaji hata shilingi.

Wahenga waliona pia jinsi binadamu alivyo mwepesi kudharau uzito wa mwingine: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo habari hizi zinavyosikika kwa mtu asiyehusika. Lakini katika fani hii wanaohusika wana majina, nayo yanaandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni mwa filamu. Walio juu ya orodha ndio wanaopanga siku za walio chini yake. Sue Quinn hakuwa bosi wa Michael Harm wala mwenye studio, na bado alijiona anadaiwa. Wenye uwezo zaidi yake wanadaiwa zaidi yake.

Mtayarishaji atakayeambiwa leo jioni kwamba fundi wake wa sauti hajalala siku tatu na ameanza kuzungumza kama mtu anayeaga, ana la kufanya usiku huohuo. Kwanza ahakikishe kijana huyo halali peke yake na anafika kwa daktari. Halafu afungue ratiba ya kesho, afute sini mbili, na mshahara wa siku hiyo aulipe wote.